Pembetatu Ileile

Mwalimu wetu wa hisabati wa kidato cha pili alifundisha mikondo mitatu, na kila mkondo ulikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini. Siku ya jaribio kiongozi wa darasa alibeba madaftari hadi ofisini huku ameyabana kwa kidevu yasianguke. Baada ya siku mbili yalirudi, yamesahihishwa yote. Leo nikipiga hesabu najiuliza mwalimu yule alilala saa ngapi. Wakati ule sikujiuliza. Nilitazama wino mwekundu tu.

Swali lililoniponza lilikuwa la pembetatu pacha, ile yenye pande mbili zilizo sawa. Pembetatu ABC ina upande AB sawa na upande AC; thibitisha kwamba pembe B ni sawa na pembe C. Njia ya kitabu inajulikana. Unashusha mstari kutoka kona A unaoigawa pembe ile katikati, unapata pembetatu mbili ndogo, unaonyesha kwamba zinalingana kwa kila hali, umemaliza. Lakini mkebe wangu nilikuwa nimemwazima rafiki wa mkondo wa pili, na mwalimu wetu alichukia michoro ya ovyo kuliko alivyochukia kelele. Bila rula wala bikari sikuthubutu kuchora. Nikaandika hivi: AB ni sawa na AC. AC ni sawa na AB. Pembe A ni sawa na pembe A. Kwa hiyo pembetatu ABC inalingana na pembetatu ACB, na kwa hiyo pembe B ni sawa na pembe C.

Nilipata sifuri kati ya tano. Pembeni mwalimu aliandika kwamba hiyo ni pembetatu moja, nimebadilisha herufi tu. Sikubisha. Nilijua moyoni kwamba nilikuwa nimekwepa kuchora, na mtu aliyekwepa kazi akipewa sifuri hana la kusema.

Miaka saba baadaye, nikiwa chuo kikuu, tulipewa kazi ya kikundi kuhusu historia ya kompyuta. Wenzangu walichagua simu na intaneti. Mimi nikabaki na sehemu isiyotakiwa na mtu, majaribio ya kwanza ya kuifanya mashine ithibitishe nadharia za jiometri. Usiku mmoja, ukurasa wa tatu au wa nne wa makala niliyokuwa nasoma, nikaiona mistari yangu. AB sawa na AC. AC sawa na AB. Pembe A ni ileile. Makala ilisema huo ni uthibitisho mzuri ajabu, na kwamba uligunduliwa na kompyuta.

Niliusoma mara tatu. Kisha nikaanza kufuatilia, na ndipo nilipojua kwamba makala ile nayo ilikuwa imekosea.

Nadharia yenyewe ni ya tano katika kitabu cha kwanza cha Elements, alichokiandika Euclid mjini Alexandria, Misri, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Euclid hakuufuata ule mstari wa katikati wa kitabu chetu. Alizirefusha pande mbili kwenda chini, akaunda pembetatu kubwa zaidi, akazilinganisha hizo kwanza, kisha ndogo, akafika kwenye jibu kwa kuzunguka. Huko Ulaya wanafunzi waliita nadharia hii daraja la punda, kwa sababu ndipo mwanafunzi mzito alipokwama. Miaka mia sita na zaidi baada ya Euclid, katika mji uleule, mwanahisabati Pappus alionyesha kwamba mzunguko wote ule hauhitajiki. Ichukue pembetatu, ilinganishe na yenyewe ikiwa imegeuzwa kama chapati, basi. Tunajua hivyo kwa sababu Proclus, katika karne ya tano, aliandika kwamba Pappus alifanya hivyo. Kwa hiyo uthibitisho wangu wa bila mkebe ulikuwa na umri wa karne kumi na saba hivi, na ulizaliwa barani Afrika. Nakiri kwamba habari hiyo ilinifurahisha kupita kiasi.

Na kompyuta je? Majira ya joto ya mwaka 1956 watafiti wachache walikutana katika chuo cha Dartmouth, Marekani, kwenye mkutano uliolipa jina lile jambo ambalo sisi leo tunaliita akili mnemba. Mmoja wao, Marvin Minsky, alikuwa akiwaza programu ya jiometri. Programu yenyewe haikuwepo. Alichokuwa nacho ni kanuni kadhaa kwenye karatasi: ukitaka kuonyesha pembe mbili ni sawa, tafuta pembetatu mbili zinazozibeba pembe hizo, ujaribu kuonyesha zinalingana, usichore mstari mpya mpaka ushindwe kabisa. Akakaa na kalamu, akazifuata kanuni zake hatua kwa hatua kama vile yeye mwenyewe ndiye mashine. Alipofika kwenye pembetatu pacha, kanuni zilimwambia atafute pembetatu mbili zinazobeba pembe B na pembe C. Mstari wa katikati ulikuwa bado haujaruhusiwa. Pembetatu kwenye karatasi ilikuwa moja. Basi akailinganisha na yenyewe.

Kwa hiyo aliyeandika mistari ile mwaka 1956 alikuwa mtu mwenye kalamu, akijifanya kompyuta. Minsky mwenyewe hakuficha jambo hilo. Ila hadithi ilivyopita mdomo hadi mdomo, kitabu hadi kitabu, mtu alitoka na mashine ikaingia, kwa sababu hadithi ya mashine iliyomshinda Euclid inasimulika vizuri zaidi. Mimi hunivutia ile nyingine. Minsky alifika kwa Pappus kwa sababu kanuni zilimkataza kuchora. Mimi nilifika huko kwa sababu mkebe wangu ulikuwa mkondo wa pili.

Mashine ya kweli ilikuja baadaye kidogo. Nathaniel Rochester wa IBM, aliyekuwepo Dartmouth, aliirudisha fikra ile kazini, na kijana aliyetoka kwenye fizikia, Herbert Gelernter, akapewa jukumu la kuiandika. Kufikia mwaka 1959 programu yao ilikuwa inafanya kazi kwenye kompyuta ya IBM 704, ikithibitisha nadharia za kiwango cha sekondari. Ilianzia mwisho, kwenye jambo linalotakiwa kuthibitishwa, ikarudi nyuma ikijiuliza ni kipi kingetosha kulileta. Shida ni kwamba njia za kurudi nyuma ni nyingi mno, na karibu zote ni vichochoro visivyotokea popote. Hapo Gelernter aliipa mashine kitu ambacho kila mwanafunzi anacho, yaani mchoro. Pamoja na swali, mashine ilipewa namba za mahali kila nukta ilipo. Kabla ya kuhangaika kuthibitisha kwamba mistari miwili ni sawa, ilipima kwanza kwenye mchoro. Ikiwa hata kwa kupima haionekani sawa, iliachana nayo. Mchoro haukuhesabiwa kuwa ushahidi. Ulitumika tu kuchuja njia zipi zistahili jasho.

Kwa muda wa miaka karibu ishirini watu waliifuata njia hiyo, kuifundisha mashine ifikiri kama mwanafunzi mwerevu. Kisha akaja mtu ambaye hakutaka mashine ifikiri hata kidogo. Wu Wen-tsün alizaliwa Shanghai mwaka 1919, akasomea Ufaransa, akarudi China akiwa mwanahisabati mwenye jina. Katika miaka ya Mapinduzi ya Kitamaduni alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda kilichotengeneza kompyuta, na huko ndiko alikokutana na mashine hizo uso kwa uso. Wakati huohuo alikuwa akisoma hisabati ya kale ya China, iliyopenda hesabu za hatua kwa hatua kuliko hoja za Kigiriki. Mnamo 1976 na 1977 aliviunganisha vitu hivyo viwili. Kila nukta igeuze kuwa jozi ya namba zisizojulikana. Kila sharti la nadharia, kwamba mistari hii ni sawa au pointi hizi ziko kwenye duara moja, ligeuze kuwa mlinganyo. Hitimisho nalo liwe mlinganyo. Kisha ugawanye mlinganyo wa hitimisho kwa ile ya masharti, mmoja baada ya mwingine. Baki likiwa sifuri, nadharia ni kweli, isipokuwa pale mchoro unapoharibika, kwa mfano kona tatu za pembetatu zikijikuta kwenye mstari mmoja.

Mara ya kwanza Wu aliijaribu njia hiyo kwa mkono, akihesabu misururu mirefu ya aljebra kwenye karatasi. Alikuwa anakaribia miaka sitini alipojifunza kuandika programu. Mwaka 1988 Shang-Ching Chou, aliyeipeleka njia hiyo Texas, alitoa kitabu chenye nadharia 512 zilizothibitishwa hivyo na kompyuta. Mia tano na kumi na mbili! Lakini fungua kitabu cha namna hiyo utafute kwa nini nadharia ni kweli, hutapata. Utapata milinganyo, na mwisho wake sifuri. Ni kama kumuuliza karani kwa nini umepata fedha pungufu, naye akakuonyesha jumla.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba nilikuwa nimeishika historia hii upande usiofaa. Nilikuwa nikiuliza nani anayevumbua uthibitisho, mtu au mashine. Nikaja kuona kwamba palipokuwa na maumivu ya kweli ni kwingine: nani anayeusoma.

Mwaka 1879 Alfred Kempe wa Uingereza alichapisha uthibitisho kwamba ramani yoyote inaweza kupakwa rangi nne tu bila nchi jirani kufanana. Swali lilikuwa limeulizwa mwaka 1852 na kijana Francis Guthrie, ambaye baadaye alihamia Afrika Kusini akafundisha hisabati huko. Watu walimsoma Kempe, wakamsifu. Ilipita miaka kumi na moja kabla Percy Heawood hajaonyesha shimo katikati ya hoja. Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipolimaliza swali hilo mwaka 1976, walitumia saa 1,200 hivi za kompyuta, na wanahisabati wakagombana vikali: uthibitisho ambao hakuna binadamu anayeweza kuusoma wote ni uthibitisho wa nani?

Jibu la swali hilo lilikuja kwa njia ya machungwa. Mwaka 1611 Johannes Kepler, akiwa Prague, aliandika kijitabu kuhusu theluji, na ndani yake akadai kwamba hakuna namna ya kupanga matufe yanayolingana inayobana kuliko ile ya risasi za mizinga zilizorundikwa melini. Ni namna ileile wauza matunda wanavyopanga machungwa, kila moja likikaa kwenye kishimo kilichoachwa na yale ya chini. Mpango huo hujaza asilimia 74 na kidogo ya nafasi. Muuza machungwa anajua hilo kwa mikono yake. Wanahisabati waliishi na dai hilo karibu miaka mia nne bila kulithibitisha. Mwaka 1953 László Fejes Tóth wa Hungaria alionyesha kwamba swali linaweza kupunguzwa liwe hesabu yenye mwisho, ingawa ndefu mno, na baadaye akapendekeza kwamba pengine kompyuta ingeiweza.

Agosti 1998 Thomas Hales, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan, alitangaza kwamba yeye na mwanafunzi wake Samuel Ferguson wamemaliza. Kurasa zilikuwa 250. Kurasa si tatizo. Pamoja nazo zilikuja gigabaiti tatu za programu na matokeo, yakiwemo majibu ya maswali ya hesabu laki moja hivi yaliyotatuliwa na kompyuta. Jarida la Annals of Mathematics likawapa kazi ya kuusoma wahakiki kumi na wawili. Mkuu wao alikuwa Gábor Fejes Tóth, mtoto wa yule László.

Walisoma miaka minne. Nimejaribu mara nyingi kuiwazia miaka hiyo. Waliendesha semina, wakagawana sehemu, wakakagua kila walichoweza kukikagua, na kila walichokikagua kilisimama. Mwishoni waliandika kwamba wana uhakika wa asilimia 99, lakini hawawezi kuthibitisha kwamba kazi yote ni sahihi, wala hawataweza baadaye, kwa sababu nguvu zimewaishia. Mhariri alimweleza Hales hivyohivyo. Jarida lilichapisha makala mwaka 2005.

Nguvu zimewaishia. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha, kwenye chumba cha kupanga, taa ya chaji pembeni, na mbele yangu madaftari mia na arobaini. Nilikuwa nimefika la tisini na kitu. Msichana mmoja alikuwa ameandika suluhisho la ukurasa mzima kwa njia nisiyoitambua, maandishi yamebanana, jibu la mwisho limetofautiana na langu kwa alama ya kutoa. Niliupitisha macho ukurasa ule kama mtu anayetazama barabara kupitia dirisha la basi. Nikaweka mkasi. Asubuhi, madaftari yalipokuwa yamesharudishwa, ilinijia kichwani kwamba huenda jibu lililokosewa ni langu. Sikumwita. Wiki ile mazoezi yaliisha nikaondoka.

Basi siwezi kuwalaumu wale wahakiki kumi na wawili, na ilinichukua usiku ule kuacha kumlaumu mwalimu wangu.

Hales hakulaumu pia, ila hakukubali kuishi na asilimia 99. Januari 2003 alitangaza mradi alioupa jina Flyspeck. Uthibitisho wote, maneno na hesabu, uandikwe upya katika lugha ambayo kompyuta inaweza kuukagua hatua kwa hatua hadi kwenye kanuni za msingi za mantiki, bila kuruka hata pale ambapo binadamu husema “ni dhahiri”. Alikadiria kazi ya miaka ishirini. Ilitangazwa kumalizika tarehe 10 Agosti 2014. Makala rasmi ya mwaka 2017 ina majina 22, na mengi kati yake ni ya Kivietnam, kwa kuwa kundi kubwa la waliokaa chini kuzichapa hatua hizo moja moja lilikuwa Hanoi. Sehemu moja tu ya hesabu, ile ya kuthibitisha ukosefu wa usawa kati ya namba, ilikula saa 5,000 hivi za kompyuta.

Utauliza, nawe utakuwa na haki, nani anamkagua mkaguzi. Programu kuu waliyoitumia, HOL Light ya John Harrison, ina kiini kidogo cha mistari ya kompyuta mia nne hivi, na hakuna hatua inayokubaliwa bila kupita humo. Mistari mia nne mtu anaisoma akiwa na chai yake, na wengi wameisoma. Baada ya hapo kilichobaki kwa binadamu ni kusoma kauli ya nadharia yenyewe, kuhakikisha kwamba kilichothibitishwa ndicho kilichoulizwa. Hapo mashine haisaidii. Kama umeandika tufe vibaya, itakuthibitishia kwa uaminifu mkubwa habari za kitu kingine.

Januari 2024 simu yangu ilijaa habari za AlphaGeometry, programu ya kampuni ya Google DeepMind iliyotatua maswali 25 kati ya 30 ya jiometri ya mashindano ya kimataifa ya wanafunzi. Ni kazi kubwa. Katika swali moja la mwaka 2004 iligundua hata kwamba sharti mojawapo halikuhitajika. Miezi michache baadaye watafiti wengine waliirudia njia ya mzee Wu, wakaichanganya na mbinu chache za kawaida na na AlphaGeometry yenyewe, wakafika 27. Kuhusu tarehe 10 Agosti 2014, hakuna aliyenitumia kitu.

Mimi nami nilijaribu. Nilipakua moja ya programu hizo za ukaguzi, nikahangaika jioni tatu kuiandikia uthibitisho wangu wa kidato cha pili. Iliukataa, ikanionyesha mstari: nilikuwa nimepanga herufi vibaya, nikailinganisha ABC na ABC badala ya ACB. Niliporekebisha ikaukubali bila neno.

Mwaka jana, katika stendi ya mabasi, nilimwona mwalimu wangu amekaa kwenye benchi na begi dogo miguuni. Amestaafu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama kwa muda hadi jina likamjia. Tulizungumza habari za nyumbani, kisha, nikiona aibu kidogo, nikamweleza ile sifuri. Hakuikumbuka, na angeikumbukaje.

“Uliandika nini?” akauliza.

Nikatoa karatasi, nikachora pembetatu bila rula, nikaandika mistari minne chini yake. Alivaa miwani. Alisoma akifuatisha kidole, akarudi juu, akasoma tena. Wapiga debe walikuwa wakiita watu pande zote.

“Ungeandika kwamba unaigeuza,” alisema mwishowe. “Mstari mmoja tu ungetosha.”

“Sikujua kama naigeuza, mwalimu.”

Aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati pamoja na tiketi yake, akauliza kama kuna mahali hapo wanauza chai.